Kusoma, kukariri au kuongea kwa vidokezo: uwasilishe vipi utafiti wako?

Msimu wa kutetea tasnifu mbele ya jopo ukikaribia, swali hili huzunguka kwenye korido za MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na Chuo Kikuu Mzumbe kampasi ya Mbeya, na huko Iringa hulisikia Chuo cha Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa vilevile: nisome nilichoandika, nikariri, au nisimame na vidokezo vyangu niongee? Msimamizi mmoja anasema usithubutu kusoma. Mwingine anasema usithubutu kusimama bila karatasi. Mwanafunzi anabaki katikati na siku zinakwisha.

Nimekaa kwenye vikao hivi kwa miaka mingi, nikisikiliza na nikiwasilisha, na naamini wasimamizi wote wawili wana hoja. Nimeona kila moja ya njia hizi tatu ikifanya kazi nzuri, na nimeona kila moja ikimwangusha mtu mwenye utafiti mzuri. Hilo la pili linaniuma. Mtu amezunguka vijiji vya Makete au Mbarali kwa miezi kadhaa, amelala kwa wenyeji, ana data safi, halafu dakika 15 za kuieleza zinampotea mikononi. Ndiyo maana nataka tuziangalie njia hizi moja moja, kwa vigezo vilevile, kisha uchague kulingana na kikao kinachokusubiri.

Vigezo vitano

*Muda.* Mara nyingi unapewa dakika 10 hadi 20, na mwenyekiti makini hakuongezei hata moja. Mtu anayeongea Kiingereza kwa mwendo wa kueleweka hutoa maneno kati ya 120 na 150 kwa dakika. Dakika 15 ni kama maneno 1,800 hadi 2,250, basi. Kwa Kiswahili maneno yetu ni marefu, kwa hiyo idadi inashuka.

*Usahihi.* Takwimu, majina ya kisayansi, nukuu, tarehe. Je, njia hii inakulinda usizivuruge?

*Hadhira.* Wanaokusikiliza wanaona uso wako au utosi wako? Wanaweza kukufuata bila kuwa na andiko mkononi?

*Lugha.* Wengi wetu tunaandika utafiti kwa Kiingereza, tulikusanya data kwa Kiswahili, na baadhi ya wahojiwa walijibu kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa. Siku ya kuwasilisha lugha hizo zote zimo kichwani kwa pamoja.

*Kukatizwa.* Mjumbe wa jopo anauliza katikati. Umeme unakatika. Mvua inaanza juu ya bati. Mwenyekiti anasema, "Umebakiza dakika tatu, nenda kwenye matokeo." Kigezo hiki watu hukisahau, nami nakipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu sijaona kikao kilichokwenda mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa na kitu chochote.

Njia ya kwanza: kusoma ulichoandika

Njia hii inasemwa vibaya kupita inavyostahili. Kwenye makongamano ya historia, falsafa na fasihi, hapa kwetu na hata nje, kusoma makala iliyoandikwa ni desturi ya kawaida, na desturi hiyo ina sababu.

Chukua mfano wa hapahapa. Mwanafunzi wa historia pale Iringa anaandika kuhusu fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Hoja nzima ya mwanafunzi huyo inaweza kusimama juu ya jinsi kifungu kilivyoandikwa: nani anatajwa, kwa cheo gani, anakabidhiwa nani. Ukisimulia kifungu hicho kwa maneno yako, hoja imekufa. Hapo unasoma, tena unasoma taratibu, na wasikilizaji wanashukuru.

*Muda.* Unautawala kabisa. Ukurasa wa A4 wenye nafasi mbili kati ya mistari hubeba maneno kama 300, yaani dakika mbili na kidogo. Kurasa sita au saba zinatosha kwa dakika 15. Shida huja pale mtu anapobeba sura nzima ya tasnifu, kurasa ishirini na zaidi, akitumaini kuongeza kasi. Kasi haisaidii. Inachosha masikio, na dakika zinaisha ukiwa bado kwenye mapitio ya machapisho.

*Usahihi.* Hakuna njia inayoishinda hii.

*Hadhira.* Hapa ndipo gharama ilipo. Sentensi ya tasnifu imetengenezwa kwa ajili ya jicho, na jicho linaweza kurudi nyuma; sikio haliwezi. Ukitaka kusoma, andika upya kwa ajili ya sikio: sentensi fupi, kitenzi mapema, na jina la mtu au mahali likirudiwa badala ya "hicho", "hiyo" na "wale" ambazo msikilizaji hajui zinarejea wapi. Chapisha kwa herufi kubwa, saizi 14 au 16. Usibane kurasa kwa pini: ziache huru, weka namba, na ukimaliza moja uitelezeshe pembeni bila kuigeuza. Chora mstari mdogo wa wino pale unapotaka kupumua, na andika JUU pembeni mwa kila aya, kujikumbusha kuinua macho. Nimemwona dada mmoja akifanya hivyo kwenye semina ya idara. Karatasi zake zilikuwa zimejaa alama hizo, na wengi ukumbini hawakujua kama alikuwa anasoma.

*Lugha.* Kama Kiingereza chako cha kuongea hakijakaa sawa, kusoma ni kimbilio la halali, na mtu asikudharau kwa hilo. Lakini jizoeze kwa sauti. Neno uliloliandika mara mia bila kulitamka linaweza kukukwamisha mbele za watu. Lafudhi isikutie hofu. Anayetamka Kiingereza kwa lafudhi ya Rungwe au ya Kilolo haharibu utafiti wake. Anayeharibu ni yule anayesoma kwa kasi hadi hakuna kinachosikika.

*Kukatizwa.* Unaweza kurudi ulipoishia, mradi uweke kidole kwenye mstari. Ila ukiambiwa uruke sehemu, utapata taabu, kwa kuwa maandishi yameshikana aya kwa aya. Weka alama mapema kwenye aya zinazoweza kurukwa.

Inamfaa: mtafiti wa historia, fasihi, sheria au teolojia, anayenukuu nyaraka, na anayewasilisha kwa lugha ambayo bado hajaizoea mdomoni.

Njia ya pili: kukariri

Tumelelewa na njia hii. Ngonjera na mashairi ya shule ya msingi yametufundisha kusimama mbele ya wageni na kutoa beti nyingi bila karatasi. Ni stadi ya kweli na ina mahali pake.

*Muda.* Kwa wasilisho fupi, hakuna bora zaidi. Shindano la kueleza tasnifu kwa dakika 3, lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 na kuenea nchi nyingi, linaruhusu slaidi moja tu isiyo na mbwembwe, na anayezidisha muda anatolewa. Kwa kipimo hicho kila neno linahesabiwa, na kukariri kunalipa. Kwa dakika 20 ni habari nyingine: maandalizi yanakula wiki ambazo pengine ungezitumia kusafisha uchambuzi wako.

*Usahihi.* Mzuri mpaka pale unaposahau. Ukisahau, kinachotoka kwanza huwa ni namba zilizobadilishana nafasi, asilimia ya wanawake ikapewa wanaume, na jopo linaandika.

*Hadhira.* Macho yako juu, ndiyo, lakini mara nyingi yanatazama ndani, yakitafuta mstari unaofuata. Wasikilizaji hulitambua hilo haraka. Dawa yake ni kukariri zaidi, hadi maneno yaanze kutoka kama mazungumzo, na hiyo ni kazi ya siku nyingi.

*Lugha.* Kukariri Kiingereza usichokielewa vizuri ni hatari kubwa. Swali la kwanza tu, na tofauti kati ya ulichokariri na unachoweza kusema inaonekana wazi. Jopo linaweza hata kuanza kujiuliza kama kazi ni yako, hata kama umeifanya kwa jasho lako mwenyewe.

*Kukatizwa.* Njia hii ndiyo dhaifu kuliko zote hapa. Ukikatwa katikati ya sentensi, mara nyingi inabidi urudi mwanzo wa aya.

Inamfaa: mwenye dakika tatu hadi tano; mshiriki wa shindano; na yeyote, kwa njia yoyote, katika ule ufunguzi wa dakika moja wakati moyo unadunda na mikono inatetemeka.

Njia ya tatu: kuongea kwa vidokezo

Kwenye sayansi, kilimo, afya na uhandisi, hii ndiyo desturi. Unakuwa na slaidi ukutani au kadi mkononi, na maneno unayatunga papo hapo.

Tuseme utafiti wako unahusu lumbesa kwenye viazi vya Njombe: kwa nini mkulima anaendelea kuuza kwa gunia lililojazwa kupita kiasi wakati vipimo vya kisheria vipo na Wakala wa Vipimo umekataza gunia kuzidi kilo 100. Kadi yako ya sehemu ya matokeo inaweza kuwa na mambo haya tu: bei kwa gunia au kwa kilo; nani anashona gunia, mkulima au dalali; barabara wakati wa mvua; maneno ya mkulima mmoja, yamenukuliwa kamili; takwimu tatu za jedwali kuu. Mistari mitano. Ukiitazama, dakika nne zinakujia zenyewe, kwa sababu ulikuwepo shambani, uliona gunia likishonewa kilemba cha wavu juu, ukaona na uso wa mwenye viazi. Mtu aliyekaa na data yake anaongea kwa vidokezo bila shida. Anayeshindwa, mara nyingi bado hajaijua data yake, na ni afadhali aligundue hilo chumbani kwake kuliko mbele ya jopo.

*Muda.* Hapa ndipo wengi wanaanguka. Utamu wa kusimulia shamba unakumeza, na dakika 10 zinaisha kabla hujafika kwenye mbinu. Andika kwenye kila kadi dakika ambayo unapaswa kuwa umeimaliza, kwa kalamu nyekundu, na mpe rafiki simu akae mbele akikuonyesha vidole.

*Usahihi.* Usiamini kumbukumbu kwa namba. Takwimu zote ziandikwe, na jina la kisayansi liandikwe. Anayezungumzia kipunji, nyani wa Mlima Rungwe na Udzungwa aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005, ana wajibu wa kusema *Rungwecebus kipunji* bila kubabaika.

*Hadhira.* Hakuna njia inayokupa uhai kama hii. Unaona mjumbe amekunja uso, unarudia kwa maneno mengine. Unaona wamekuelewa, unasonga mbele. Adui wake ni slaidi iliyojaa maandishi. Ukigeuka ukutani na kusoma slaidi, umepoteza usahihi wa njia ya kwanza na uhai wa njia ya tatu kwa mpigo mmoja. Slaidi iwe na picha, jedwali fupi au ramani. Maneno yatoke kwako.

*Lugha.* Inakuanika. Kiingereza kikikwama, kinakwama hadharani. Lakini inatoa pia nafasi ambayo kusoma hakutoi: unaweza kutaja neno la mhojiwa kwa lugha yake, ukalieleza, ukaendelea. Ulizia mapema kwa mratibu kama Kiswahili kinaruhusiwa katika majibu. Mara nyingine kinaruhusiwa, ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

*Kukatizwa.* Imara kuliko nyingine. Swali likija unajibu kisha unatazama kadi. Umeme ukikatika, kadi ziko mkononi. Slaidi peke yake zingekuacha gizani. Ndiyo maana nasisitiza kadi za karatasi hata kwa mwenye slaidi nzuri, na nakala ya jedwali kuu iliyochapishwa kwa kila mjumbe wa jopo.

Kuna jambo nimeliona mara nyingi na linanipa matumaini. Wanafunzi wetu wengi wanaongoza ibada na kuhubiri, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, na wengine wanatoa mawaidha msikitini. Jumapili mtu anasimama na karatasi ndogo yenye mistari sita ndani ya Biblia, anaongea nusu saa, na kanisa zima liko naye. Jumatatu, mbele ya watu watano, anashikilia kurasa kumi na mbili na sauti haitoki. Uwezo anao tayari. Anachohitaji ni kuamini kwamba jopo nalo ni watu wanaotaka kuelewa.

Inamfaa: mtafiti wa sayansi na maendeleo, anayetarajia maswali mengi, anayerudisha matokeo kwa jamii.

Ukitaka kuchanganya

Inawezekana, na wazoefu wengi hufanya hivyo: dakika ya kwanza umeikariri, nukuu na ufafanuzi wa kitaalamu unavisoma kutoka kwenye karatasi, kilichobaki unakiongea kwa vidokezo. Sharti ni moja. Wasikilizaji wajue unapobadilisha. Sema, "Naomba ninukuu," inua karatasi, soma, iteremshe.

Chagua kwa hali yako

*Unatetea pendekezo la utafiti.* Hapa jopo linataka kujua kama umefikiri, na wataingilia kati. Vidokezo vinakufaa, pamoja na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa ukamilifu: tatizo la utafiti na maswali yake. Huo usome kama ulivyo, kwa sababu jopo litashika kila neno.

*Unatetea tasnifu ya mwisho.* Ukiwa mtu wa sayansi, vidokezo. Ukiwa mtu wa nyaraka na matini, soma kwa mtindo niliouelezea. Vyovyote iwavyo, nusu ya maandalizi yako iende kwenye maswali. Mwombe mwenzako akuulize maswali makali ukiwa umesimama. Kujibu ukiwa umekaa kwenye kiti cha hosteli ni jambo jingine kabisa. Na ukijibu, anza na heshima fupi, "Asante Profesa," kisha nenda kwenye jibu. Shukrani ndefu zinakula dakika zako.

*Unawasilisha kwa njia ya mtandao.* Kusoma kunarahisishwa, kwa kuwa maandishi unaweza kuyaweka karibu na kamera. Hata hivyo mtandao ukikatika na kurudi, mwenye vidokezo huunganisha haraka zaidi. Tuma slaidi zako kwa mratibu kabla ya kikao.

*Una woga mkubwa au kigugumizi.* Kusoma kunakushika mkono; hata kukariri ufunguzi kunasaidia. Usikubali kulazimishwa njia ya tatu kwa sababu tu ndiyo inayosifiwa. Mwambie mwenyekiti mapema kwamba utasoma, ili mtu asikukatize kwa kukuhimiza "achana na karatasi".

*Unarudisha matokeo kijijini.* Acha karatasi, acha slaidi. Anza kwa salamu ya mahali: "kamwene" kule Iringa na Njombe, "ugonile" kule Rungwe na Kyela, na shikamoo kwa wazee wote waliotangulia kukaa. Mtambue mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Kisha waeleze kwa Kiswahili kile walichokuambia wao, kabla ya kile ulichokihitimisha wewe. Wawindaji wa Rungwe walimjua kipunji kwa jina lake kabla mtafiti yeyote hajamwandika, na jina hilo hilo ndilo lililoingia kwenye vitabu. Mtu anayewasomea wazee wa namna hiyo karatasi ya Kiingereza iliyotafsiriwa haraka hawatendei haki. Na mvua ikipiga bati la ofisi ya kijiji, nyamaza usubiri ipungue. Usipige kelele kushindana nayo.

*Unasimama kwenye banda la maonyesho,* tuseme Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Kila dakika mbili anakuja mgeni mpya: mkulima, mwanafunzi wa sekondari, mkuu wa wilaya na msafara wake. Kariri sentensi tatu tu: tatizo, ulichofanya, ulichopata. Baada ya hapo muulize mgeni analima nini, na ongea kufuatana na jibu lake. Ukiwa karibu na banda la TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, nenda uwasikilize wanavyomweleza mkulima kuhusu mbegu, kisha linganisha na unavyosema wewe.

Ukishachagua, jirekodi kwa simu mara moja kabla ya siku yenyewe, ukiwa umesimama na saa inakwenda. Sikiliza dakika mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Kama dakika za mwisho zinakimbia, punguza mapitio ya machapisho, na usiguse matokeo.